Ng'ombe Mwenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha tangu asubuhi na mteja hakuna, basi nimeligeuza hili daftari la vipimo niandike kwa nyuma. Kwa mbele kuna viuno na mabega ya watu. Huku nyuma kuna mambo yangu, na mteja atakayechungulia asije akasema hakuonywa.

Mke wangu ameanza kazi na mtafiti mpya kule kituo cha mifugo. Amerudi saa kumi na mbili badala ya saa tisa. Nimemuuliza mbona umechelewa, akasema, "Tulikuwa na Dirisha." Dirisha ni ng'ombe. Ana tundu ubavuni upande wa kushoto, la kupitisha mkono wa mtu, lenye kizibo cha mpira. Madaktari walimpasua siku nyingi, kidonda kikapona, naye anakula na kulala kama wenzake. Kazi ya mke wangu ni kumtunza, na kuingiza mkono ndani kila wanapotaka kujua chakula kimefikia wapi. Kazi hiyo ameifanya tangu binti yetu yuko shule ya msingi, na sasa binti yetu yuko kwa mumewe. Sijawahi kuiona ina ubaya. Ubaya umeanza leo, na umeanza na hilo neno "tulikuwa".

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kola mbili, zipu moja. Amerudi saa kumi na mbili tena.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimefundishwa ng'ombe mezani kwangu mwenyewe. Tumemaliza kula, mke wangu akaipanga meza upya. Sufuria kubwa ikawa tumbo la kwanza, ambalo amesema linatosha maji ya pipa. Humo majani yanalowekwa kwenye joto, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinayashambulia. Ng'ombe akishashiba analala, analirudisha donge mdomoni, analitafuna upya taratibu, analimeza tena. Huko ndiko kucheua. Kikombe kikawa tumbo la pili, dogo, kuta zake kama sega la asali. Msumari au pini ikimezwa inatulia humo, na humo ni jirani na moyo. Gazeti lililokunjwa likawa la tatu, kurasa kwa kurasa, linakamua maji. La nne ndilo linalofanana na letu, lenye uchachu wa kuyeyusha.

Nikasema kwa hiyo ng'ombe anakula majani. Akacheka, akasema hapo ndipo watu tunapokosea. Ng'ombe anavilisha vijidudu majani, vikishanenepa vinasukumwa mpaka tumbo la nne, na huko anavila vyenyewe. Nikasema huyo ni mwenyeji wa kuogopwa, anakukirimu kisha anakutafuna.

Nilifurahi sana, nakiri. Uso wake uling'aa, mikono ikienda huku na huku juu ya vyombo. Halafu akasema mtafiti huyu anaeleza vizuri kuliko wote waliopita. Miaka yote hiyo hakuwahi kunipangia masufuria. Kweli, sikuwahi kumuuliza, lakini je, huyo bwana alimuuliza?

Jumatano, 12 Machi

Amemtaja wakati wa chai, amemtaja akianika nguo. Mimi nimempa jina la Bwana Glovu, kwa ajili ya glovu ndefu ambazo mke wangu anasema huzivaa mpaka begani. Jina lake la kweli halitaingia kwenye daftari langu.

Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja na mvua yake. Alikuja kupunguza gauni, akakaa mpaka mchana. Alianza kwa mbali, akiuliza wifi yake anaendeleaje, mbona siku hizi hapatikani, mbona amenenepa mashavu. Nikamwambia ana kazi nyingi na mtafiti mpya. Akauliza mtafiti anamwitaje. Nikasema anamwita dada. Dada yangu akatazama dari.

"Mdogo wangu, kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na wewe nguo ndiyo kazi yako."

Nikamwambia aache maneno yake. Alipoondoka nikagundua gauni lake nimelipunguza upande mmoja tu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Asubuhi mke wangu alisahau viatu vyake vya mvua mlangoni. Mume mwema akifunga duka kumpelekea mkewe viatu, hapo kuna kosa? Nilijiambia hivyo njia nzima. Nafsi ilikuwa inajua kwamba nakwenda kupeleleza, lakini viatu nilikuwa nimevishika vizuri mkononi, kila mtu avione.

Mlinzi alinionyesha banda la mwisho. Nikapita kando ya ukuta, matope mpaka kwenye vifundo. Dirisha amesimama katikati ya vyuma, anatafuna zake, jicho limelegea kama la mtu anayesukwa nywele. Mke wangu yuko ubavuni mwake, mkono wa kulia umezama mpaka kwapani, shavu limeegemea manyoya. Mkono wa kushoto nao umejaa majani yaliyochachuka. Bwana Glovu amesimama karibu yake, karibu kuliko nilivyokuwa nimemchora kichwani, anaandika anayoambiwa. Ni mwembamba, ana kipara kinachoanza kwa adabu. Jasho likamteremka mke wangu usoni likielekea jichoni. Akasema kitu. Yule bwana akaweka kalamu mfukoni, akatoa kitambaa, akamfuta paji la uso.

Akamfuta, basi. Hakuna zaidi. Ningekuwa na akili zangu ningesema mtu ana mikono miwili michafu, mwenzake amemsaidia. Lakini alimfuta polepole, akaanza huku akaishia kule, kama anayepiga pasi hariri, na mke wangu akafumba macho. Mimi nikifuta uso wa mke wangu anasema namkwaruza.

Nikakohoa. Wakageuka wote watatu, ng'ombe akiwemo. Mke wangu akafurahi kuniona, na kufurahi kwake kukaniudhi zaidi, maana hakushtuka. Bwana Glovu akaninyooshea mkono, akakuta bado umeshika kile kitambaa, akaurudisha. Nikakabidhi viatu nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia ng'ombe akipiga mbweu ndefu. Mke wangu husema ni hewa ya vijidudu, asipoitoa anavimba na kufa. Nilimwonea kijicho. Yangu haikuwa na pa kutokea.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekata suruali ya mwalimu fupi. Nimemwambia ndiyo mtindo.

Jumatatu, 24 Machi

Kumbe nami nimo kwenye huo utafiti. Mke wangu ameleta furushi la nailoni nyeupe, laini, yenye matundu ambayo jicho haliyaoni. Nishone mifuko midogo ya ukubwa wa kiganja. Ndani yake watatia majani makavu yaliyosagwa, watafunga mifuko kwenye kamba, watashusha kamba ndani ya Dirisha. Vijidudu vitaingia kula, majani hayatatoka. Mifuko mingine itavutwa baada ya saa chache, mingine kesho yake, na mingine kila siku mpaka siku ya nne. Itaoshwa, itakaushwa, itapimwa, na kilichopungua ndicho ng'ombe alichofaidi.

Kituo kimepanda majani mapya. Mbegu ilikuwa kidogo, imetosha kishamba cha ukubwa wa ua. Wanayakata wiki kwa wiki tangu yakiwa machanga, wajue ni lini yana faida zaidi kwa mnyama. Majibu yakitoka vizuri, mkuu wa kituo ameahidi kumwajiri mke wangu moja kwa moja. Miaka yote amekuwa wa msimu. Kila mvua ikikatika anangoja kuambiwa kama ana kazi au hana, na wakati huo ndani ya nyumba hatusemezani kwa raha.

"Nilimwambia mkuu asihangaike kutafuta fundi," akasema. "Fundi ninaye nyumbani, na hapa hakuna anayemshinda."

Nilitamani Dada awepo asikie.

Alhamisi, 27 Machi

Bwana Glovu amekuja dukani. Hakukaa. Alisema pembe za chini ziwe za mviringo, majani yasijifiche. Sawa. Alisema mshono uwe mara mbili. Sawa, hilo hata asingesema. Alisema matundu ya sindano nipake gundi. Gundi ni ya fundi viatu, lakini sawa. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu yangu, akachagua kibunda cha uzi wa polista, akakiweka juu ya cherehani yangu mwenyewe. "Utatumia huu," akasema, akatazama saa, akaenda zake.

Cherehani hii hata mke wangu haigusi bila kuuliza. Nimekaa nikikitazama kile kibunda mpaka wateja wakadhani naumwa.

Jumapili, 30 Machi

Nimemaliza mifuko. Kazi safi, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Polista juu ya nailoni ile inateleza, mshono unajikunja kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Ningepunguza kasi ungetulia. Lakini ninao uzi wa pamba, mweupe, wenye nta, ule ninaouficha kwa suti za maharusi. Unakaa palepale unapowekwa. Nikautumia huo. Nilijua ametaka polista, na kila nilipokumbuka mdomo uliosema polista, mkono wangu ulikwenda kwenye pamba wenyewe. Fundi haambiwi uzi.

Pini nimezihesabu zote, hakuna iliyobaki ndani. Nina hasira na watu, sina hasira na ng'ombe.

Mke wangu ameigeuzageuza mifuko kwenye mwanga, akasema hajaona mshono mzuri kama huu. Nimekula chakula mara mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana Glovu amempa mke wangu koti la mvua. La kituo, anasema mke wangu, kila mfanyakazi kapewa. Mikono ilikuwa mirefu, akaniomba niipunguze. Nimeipunguza. Mume gani anashona zawadi ya mwanamume mwingine imkae mkewe vizuri? Huyu hapa.

Jumapili, 13 Aprili

Limemkaa vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua haijakatika wiki nzima, ukuta wa nyuma umeota ukungu na nguo za wateja zinanuka. Jioni mke wangu amenisimulia kwamba kofia ya majani ya mlinzi iliangukia horini, Dirisha akaila. Walitazama ndani siku zilizofuata, kofia ikapungua, ikapungua, mpaka ukabaki utepe wake wa nailoni peke yake. Mke wangu akautoa kwa mkono akamrudishia mlinzi, eti wenyewe huu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Ni mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Halafu akasema, "Hata kule tulicheka hivyohivyo." Nikaacha kucheka.

Ijumaa, 2 Mei

Ameanza kusoma ripoti. Anakaa na kalamu sikioni kama mimi na chaki. Nimemuuliza anasoma nini, akanieleza, sikuelewa, akaeleza tena, nikasema nimeelewa. Najisikia kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaachwa na redio.

Jumatatu, 12 Mei

Leo mifuko imeshushwa ndani ya Dirisha, yote kwa pamoja, kila wiki ya majani na mifuko yake. Hakuna majani yaliyobaki nje isipokuwa vumbi la kujaza kijiko. Mke wangu hakula asubuhi.

Jumanne, 13 Mei

Mifuko ya mwanzo imetoka mizima. Ameniambia mtafiti ameusifu mshono. Nimesema "aah, kawaida", nikaenda nyuma ya nyumba nikatabasamu peke yangu ukutani.

Ijumaa, 16 Mei



Mke wangu alikuja dukani mchana, hajavua koti. Hakunisalimu. Aliondoa kitambaa nilichokuwa nakata, akaweka mezani vipande vya nailoni vimelowa, vinanuka uchachu. Vilikuwa mifuko yangu. Nailoni nzima, haina hata mchubuko. Lakini kila ubavu ulikuwa wazi, na pale mshono ulipokuwa pamebaki mstari wa matundu ya sindano. Uzi haukuwepo. Hata kipande chake.

"Ya juzi ilikuwa imelegea, nikadhani ni macho yangu," akasema. "Ya jana ilifunguka nikiivuta. Leo imetoka ngozi tupu. Majani yote yamemwagika humo ndani, yamechanganyika na mengine. Uzi uko wapi?"

Nikasema sijui. Na papo hapo nikajua. Niliiona ile kofia ya mlinzi, na utepe uliobaki.

"Ulitumia uzi gani?"

Nikageuka kuitazama rafu ya nyuzi.

"Wa pamba." Hakuuliza, alisema. Akavuta kigoda akakaa. "Pamba ni mmea, mume wangu, polista si mmea. Ulivifungia vijidudu chakula kwa chakula."

Nje mteja alisimama, akatutazama, akaendelea na safari yake. Mke wangu akanigeuzia uso, macho makavu kabisa.

"Nijibu kweli. Ulifanya makusudi?"

Nikasema hapana. Akaniuliza tena, nikasema hapana, Mungu ni shahidi. Nikamwambia sikujua kama uzi unalika. Hilo ni kweli. Nikataka kuishia hapo, lakini alikuwa bado ananitazama, nikamwambia na lililobaki: kwamba niliambiwa polista, nikasikia, ila kwa kuwa ni yule bwana aliyesema, sikutaka kuwa nimesikia. Kwamba tangu alipomfuta jasho sijapata usingizi wa maana. Kwamba nina wivu, nao ni mkubwa kuliko duka hili.

Nilidhani atanitukana. Alikusanya vile vipande, akasema kuna mifuko miwili haijaonekana, imekatika kwenye kamba, imo ndani ya Dirisha. Wamepapasa yeye na Bwana Glovu, hawajaipata. Ikiziba njia ng'ombe atavimba.

"Una mikono mirefu," akasema. "Kesho utakuja kuitafuta."

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda. Bwana Glovu alinisalimu kwa heshima, akanipa glovu zake ndefu. Mke wangu akasema nisizivae, glovu itanizuia kuhisi. Akanipaka mafuta mkono mzima yeye mwenyewe, akaondoa kizibo.

Sikutegemea lile joto. Nilidhani nitaingia kwenye uchafu, nikaingia kwenye kitu kilicho hai. Juu kuna majani yaliyoelea kama tandiko, chini yake maji mazito, na kuta zake zina manyoyamanyoya kama taulo. Nikasimama nimezama mpaka kwapani, shavu kwenye ubavu wa ng'ombe, nikisikia moyo wake na wangu. Kisha kuta zikajikaza. Zilinikamata mkono, zikausukuma, zikauachia. Nikashtuka nikataka kuutoa.

"Usiogope, anakoroga," mke wangu akasema. "Atafanya tena baada ya dakika moja hivi. Mwache apite, halafu shuka upande wa mbele."

Nikamwacha akapita. Nikashuka. Mke wangu alinielekeza bila kuona, ameshika bega langu: sasa panda ukingo, sasa kuna shimo dogo, hapo kuta zimekuwa kama sega, si ndiyo? Ilikuwa ndiyo. Alikuwa anajua kila kona ya humo kama mimi ninavyojua mfuko wa koti. Bwana Glovu alisimama pembeni ameshika ndoo. Na vidole vyangu, ambavyo nailoni vinaijua hata gizani, vikaugusa mfuko wa kwanza, na wa pili umejiviringisha chini yake. Nikaitoa. Mke wangu akaihesabu na mingine, akashusha pumzi.

Tulipokuwa tunanawa bombani peke yetu, nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema Jumatatu mkuu ameita kikao, naye atasema kwamba fundi ni mumewe, yeye ndiye aliyemleta, basi kosa ni lake. Nikamwambia watamwondoa. Akasema anajua.

Akaendelea kujisugua kucha. "Wewe unadhani kule nafuata mwanamume," akasema. "Nyumbani mimi ni mke wa fundi. Sokoni mke wa fundi. Hata dada yako ananiita mke wa fundi. Pale ubavuni mwa Dirisha, fundi ni mimi. Hicho ndicho ulichokichezea."



Jumatatu, 19 Mei

Mke wangu amerudi mapema. Bado ana kazi.

Anasema kabla hajafungua mdomo, Bwana Glovu alisimama akasema kosa ni lake. Alimwambia mkuu kwamba kukagua uzi ilikuwa juu yake, na hakukagua. Mkuu akamfokea mbele ya watu wote. Utafiti utarudiwa mvua za mwakani, majani yakichipua upya, mke wangu atabaki wa msimu mpaka hapo, ila hatoki.

Ningeshukuru. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi damu ilinichemka mpaka masikioni. Jasho la mke wangu amelifuta yeye, koti ameleta yeye, na sasa hata kosa langu amenichukulia. Limebaki nini langu? Nikavaa viatu, nikasema nakwenda kwa mkuu kusema ukweli. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Unakwenda kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Nikasema kwa ajili ya haki.

"Haki ukiisema, mkuu atakumbuka fundi huyo aliletwa na nani. Mwenzako ameshafokewa, na kazi yake haiondoki. Yangu itaondoka." Akanitazama mpaka nikavua kiatu kimoja. "Ukinipenda, umeze huo ukweli."

Nimeumeza. Unarudi kila baada ya muda.

Jumanne, 20 Mei

Sikwenda kwa mkuu. Nimekwenda kwa Bwana Glovu, hilo sikukatazwa.

Nilimkuta kwenye nyumba ya wageni ya kituo anafunga chupa zake kwenye maboksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali njiani, yote yakapotea. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile kwa ajili ya mke wangu. Alishangaa kweli. Alinipisha kiti, yeye akakaa juu ya boksi.

"Fundi, sikufanya kwa ajili yake," akasema. "Nilikuja dukani kwako nikakuwekea uzi juu ya cherehani kama mtoto. Sikukueleza sababu. Ningekueleza kwamba humo ndani pamba inaliwa, ungetumia pamba?"

Nikasema nisingetumia.

"Basi kosa ni langu." Akainama kwenye maboksi yake. "Dada, yaani mke wako, alikuwa ananiambia kila siku nikupeleke ukaone. Nikasema hatuna muda."

Nilitaka kuendelea kumchukia. Nimemchukia njia nzima ya kurudi, lakini kwa taabu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo uliopungua.

Ijumaa, 23 Mei

Ameondoka. Mke wangu alikwenda kumuaga, nami nikaenda. Alimpa mkono, akanipa na mimi. Niliutazama ule mkono wake ulivyomshika mke wangu. Ulimshika kama watu wanavyoshikana mikono. Nilirudia kuutazama kichwani mpaka jioni, na kila mara ulikuwa vilevile.

Jumatano, 28 Mei

Dada amekuja kuuliza kama ni kweli yule bwana amekwenda. Nikamwambia ni kweli. Akaanza tena habari ya nguoni. Nikamwambia wifi yake ni fundi, tena fundi mkubwa, na akimtaja amtaje hivyo, la sivyo magauni yake akapunguzishe kwingine. Ameondoka na gauni likiwa na pini.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekatika. Leo jua limewaka mpaka bati likalia.

Mke wangu amekuja dukani na furushi jipya la nailoni. Mkuu alitaka mifuko inunuliwe kiwandani, yeye akakataa, akasema itashonwa hapa na atasimamia mwenyewe. Wataijaribu kiangazi hiki kwa nyasi za kawaida, wauone mshono mpaka siku ya nne, ndipo mvua za mwakani zikianza waitie yale majani mapya. Alivuta kigoda akakaa mbele ya cherehani kama mteja mkorofi. Akanieleza kila kitu na sababu yake: pembe za mviringo kwa nini, gundi kwa nini, polista kwa nini. Nilisikiliza yote, nikauliza maswali mawili, moja akalisifu. Nilipomuuliza kama naweza kupunguza kasi ya sindano polista isiteleze, akasema hilo nalijua mimi.

Kisha nikauliza lile lililobaki. "Na yeye atarudi?"

"Atarudi," akasema. "Majani ni yake. Akishapata majibu anahamia kituo kingine."

"Na asipoyapata?"

"Atarudi mvua nyingine tena. Mpaka yapatikane."

Nimefunga duka mapema ili mtu asinisumbue. Nimeshona mifuko yote kwa polista, polepole, mara mbili, nikaongeza mshono wa tatu ambao hakuniagiza mtu, nikapaka gundi tundu kwa tundu. Nimeivuta kwa mikono, nimeivuta kwa meno, haikuachia. Bwana harusi hajapata kushonewa hivi. Majibu ya mwakani yatatoka, na yatatoka mara moja, mtu asiwe na sababu ya kurudi tena.